Kuonja Si Kushiba

Imeanza kuzoeleka katika miji yetu mikubwa hafla ya namna moja ambayo wazee wetu hawakuijua. Wapishi wa mahoteli hupanga meza zao katika ukumbi mmoja, kila mpishi na chakula chake. Wageni hununua kadi ya kuingilia, hupewa kisahani na uma, nao hupita meza baada ya meza wakionja kidogo hapa na kidogo pale. Fedha inayopatikana husemwa kuwa ni ya kuwasaidia watoto na familia zisizojiweza. Hivi karibuni tulialikwa katika hafla moja ya aina hiyo hapa Dar es Salaam, nasi tukaenda. Baadhi ya ndugu zetu, waliposikia, walituuliza kama ilikuwa halali kwa gazeti la Chama, gazeti la wakulima na wafanyakazi, kwenda kula sambusa pamoja na matajiri kwa jina la maskini. Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu la wazi.

Jibu letu ni hili. Tulikwenda kwa sababu mtoto mwenye njaa haulizi shilingi iliyomnunulia uji imetoka katika mfuko wa nani. Kama fedha ya usiku ule itafika katika sufuria ya watoto, basi ni fedha njema, na anayeibeza hana budi kwanza kuonyesha sufuria aliyoijaza yeye. Lakini twasema vile vile, tena kwa sauti kubwa zaidi, kwamba chakula cha mtoto wa Tanzania hakiwezi kuachwa kitegemee hamu ya mtu aliyekwisha kushiba. Hilo ndilo neno letu la leo, na yote yanayofuata ni kulifafanua.

Tuanze kwa kuwapa wenye hafla haki yao. Tuliwaona wapishi vijana waliofanya kazi tangu asubuhi pasipo ujira wa siku ile. Samaki wa kupaka, pilau, kuku wa nazi, mishikaki na kachori vilitolewa na wenyewe bila malipo, na ukumbi ulitolewa bila kodi. Wako wageni waliotoa zaidi ya bei ya kadi, tena kimya kimya, bila kuita mpiga picha. Wahenga wetu walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na sisi tuliosomeshwa katika shule za misheni tulifundishwa habari ya mjane maskini aliyetia senti zake mbili katika sanduku la hekalu, akahesabiwa kuwa ametoa kuliko matajiri wote. Moyo wa kutoa hauna tabaka. Mwenye nacho akitoa kwa nia njema, tusimkate mkono.

Hata hivyo gazeti haliendi mahali ili kufumba macho. Mambo mawili hayakutupendeza. Kwanza, katikati ya hafla waliletwa watoto wa shule wakiwa wamevaa sare, wakasimamishwa mbele waimbe wimbo wa kushukuru. Waliimba vizuri, wakapigiwa makofi, kisha wakatolewa kwa mlango wa pembeni, na watu wakarudi mezani. Hatukumwona hata mmoja wao akipewa kisahani. Yawezekana walilishwa mahali pengine. Lakini kama hafla ni yao, mbona wao ndio wawe wa kutazamwa na wengine wawe wa kula? Mtoto wa maskini si pambo la ukumbi. Ana haya kama mtoto mwingine yeyote, na kesho shuleni wenzake watamkumbuka kwa lile jukwaa.

Pili, tulipouliza gharama za usiku ule ni kiasi gani na watoto watabakiwa na nini, tuliambiwa kwamba hesabu zitatolewa baadaye. Mpaka leo tunaandika hatujaziona. Hatumshuku mtu. Twasema tu kwamba taa, muziki, mapambo, kadi zilizochapishwa na matangazo vyote vina bei, na bei hiyo hulipwa kabla ya mtoto kupata kijiko cha kwanza. Pasipo hesabu, mtoaji hajui kama amelisha mtoto au amelipa fundi wa muziki. Sheria ya nchi yetu ya mashirika yasiyo ya kiserikali, ya mwaka 2002, yayataka mashirika hayo yatoe taarifa ya kazi zao kila mwaka, na umma uweze kuiona. Basi kuuliza hesabu si ujeuri. Ni kutimiza sheria.

Sasa tulitazame jambo lenyewe kwa upana wake, maana desturi hii haikuzaliwa kwetu, na historia yake ina fundisho kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 1984 njaa kali iliwaua watu wengi sana nchini Ethiopia. Habari zake zilipoenea duniani, watu wawili wa Marekani, Bill Shore na dada yake Debbie Shore, walianzisha chama cha hisani kiitwacho Share Our Strength. Baada ya muda waliona kwamba njaa haiko Ethiopia peke yake, bali iko pia katika mitaa ya miji yao wenyewe. Mwaka 1988 wakaanzisha hafla za kuonja vyakula, wapishi mashuhuri wakijitolea katika mji mmoja baada ya mwingine, na wageni wakilipa ili waonje. Mamilioni ya dola yalipatikana. Kwa kadiri tujuavyo, hizo ni miongoni mwa hafla zilizoufanya mtindo huu ujulikane duniani. Na yafaa tukumbuke kwamba chanzo cha chama chenyewe kilikuwa machozi ya Afrika Mashariki.

Lakini tazama kilichofuata. Mwaka 2010, baada ya kuonjesha watu kwa zaidi ya miaka ishirini, chama kile kile kilianzisha kampeni mpya ya kukomesha njaa ya watoto, iitwayo No Kid Hungry. Kazi kubwa ya kampeni hiyo ilikuwa kuhakikisha kwamba watoto wanaostahili wanapata vyakula vinavyolipiwa na serikali: kifungua kinywa shuleni, chakula cha mchana, na chakula cha wakati wa likizo. Yaani wenye hafla wenyewe walikwisha kuona kwamba fedha ya kuonja hufanya kazi vizuri zaidi inapotumika kuufungua mlango wa haki ambayo sheria imekwisha kuiweka.

Sheria hiyo ya Marekani ya chakula cha mchana mashuleni ilitiwa sahihi na Rais Harry Truman mwaka 1946. Kifungua kinywa kilianza kwa majaribio mwaka 1966. Chakula cha mchana cha mpango huo huwafikia watoto karibu milioni 30 kila siku ya masomo. Hakuna ukumbi wa kuonja, hata uwe na wapishi wa dunia nzima, uwezao kulisha umati huo kwa siku moja, sembuse kwa mwaka. Wala tusidhani kwamba wenzetu hao wamekwisha kufika. Katika majimbo mengi ya nchi hiyo tajiri, mtoto ambaye wazazi wake hawakulipa huandikiwa deni la chakula. Ndiyo maana jimbo la California na jimbo la Maine, kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, yaliamua kwamba kila mtoto ale shuleni bila kulipa na bila kuulizwa mzazi wake ana nini.

Uingereza nayo ilipita njia hiyo hiyo mapema zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 watoto wa makabwela wa London na miji ya viwanda walilishwa na vyama vya hisani. Mwaka mmoja wafadhili walikuwa na moyo, mwaka mwingine walichoka. Mtaa mmoja ulikuwa na supu, mtaa wa pili haukuwa nayo. Ilipofika vita ya Makaburu ya 1899 hadi 1902, wenye nchi walishtuka kuona jinsi vijana wengi wa mijini walivyokataliwa jeshini kwa sababu ya udhaifu wa miili yao. Mwaka 1906 wabunge wa chama kipya cha wafanyakazi waliingia Bungeni, na mmoja wao, William Wilson, akapeleka mswada wa kuziruhusu serikali za mitaa kuwalisha watoto wa shule kwa fedha ya kodi. Mswada ukawa sheria mwaka ule ule. Sheria ile ilikuwa na upungufu, maana iliruhusu tu, haikulazimisha. Ilipofika mwaka 1944 ndipo sheria mpya ya elimu ilipoufanya utoaji wa chakula mashuleni kuwa wajibu.

Twaomba msomaji aliangalie jambo moja katika habari hiyo. Mkate wa mtoto wa Uingereza ulihama kutoka katika kikapu cha mfadhili ukaingia katika kitabu cha sheria kwa sababu wafanyakazi walikuwa na chama chao, na chama hicho kililipeleka jambo mahali linapoamuliwa. Haukuhama kwa sababu matajiri walipata huruma zaidi.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. La, hasha. Huko India Kusini, katika jimbo la Madras ambalo leo huitwa Tamil Nadu, Waziri Mkuu wa jimbo K. Kamaraj alianzisha chakula cha mchana katika shule za msingi mwaka 1956, wakati India ilipokuwa taifa changa na maskini. Mwaka 1982 M. G. Ramachandran, akiwa na cheo hicho hicho, aliupanua mpango huo sana. Mwezi Novemba mwaka 2001 Mahakama Kuu ya India iliamuru kwamba kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali, au inayosaidiwa na serikali, apewe chakula kilichopikwa. Brazil nayo, kwa sheria ya mwaka 2009, iliagiza kwamba angalau asilimia 30 ya fedha ya serikali kuu ya chakula cha shule itumike kununua mazao ya wakulima wadogo. Kwa sheria moja mtoto alipata chakula na mkulima akapata soko. Nchi hizo hazikungoja kwanza utajiri ndipo ziwalishe watoto wao.

Sasa turudi nyumbani, maana mpiga ngoma asiyecheza kwake huchekwa.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Yaani kimo chao kimebaki nyuma ya umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Katika uchunguzi wa mwaka 2015/16 walikuwa 34. Hatua imepigwa, nasi twaipongeza kazi hiyo. Lakini tazama mikoa inayoongoza kwa udumavu katika uchunguzi wa 2022: Iringa asilimia 57, Njombe asilimia 50, na Rukwa karibu asilimia 50. Hiyo ni mikoa ya mahindi, viazi na maharage, mikoa inayojaza maghala ya taifa. Watoto wanadumaa kando ya ghala lililojaa!

Jambo hilo lapaswa kutufikirisha sote. Kama njaa ya watoto ingekuwa ni upungufu wa chakula peke yake, basi kupeleka magunia kungeimaliza. Lakini mtoto wa Njombe hadumai kwa sababu mahindi hayapo. Hudumaa kwa sababu uji wake ni wa mahindi matupu, hauna maharage, dagaa, yai wala maziwa; kwa sababu mama yake huondoka alfajiri kwenda shambani na kurudi jua likizama, na mtoto hulishwa mara mbili kwa siku wakati tumbo lake dogo lahitaji mara nne au tano; kwa sababu maji si safi na kuhara hakuishi; na kwa sababu kuku wa nyumbani na mayai yake vimekwisha kwenda sokoni kutafuta fedha ya sabuni. Wataalamu wa lishe hutuambia kwamba udumavu hujengeka katika siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto atimize miaka miwili. Baada ya hapo ni vigumu sana kuurekebisha. Hisani ya usiku mmoja haiwezi kuzifuata siku 1,000 za mtoto mmoja, seuze za mamilioni.

Wala hatusemi haya kama watu wasiokuwa na mfano wao wenyewe. Taifa letu liliunda Taasisi ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973. Katika miaka ya 1980, huko huko Iringa, Serikali ikishirikiana na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya watoto na ya afya, kwa fedha iliyotolewa na serikali ya Italia, iliendesha mpango wa lishe uliosifiwa katika nchi nyingi. Watoto wadogo wa vijijini walipimwa uzito kila miezi mitatu. Matokeo yalisomwa mbele ya viongozi wa kijiji, na kijiji kikaulizana: mtoto huyu amepungua, kwa nini? Mama yake anafanya kazi gani? Nani atamtazama mtoto mchana? Utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji vile. Dawa haikuwa huruma. Dawa ilikuwa kikao: mtoto aliyepungua uzito aliacha kuwa aibu ya mama yake peke yake, akawa shauri la kijiji kizima.

Mkoa ule ule leo ndio wa kwanza kwa udumavu. Hatutafuti wa kumlaumu. Twasema kwamba jambo lililokuwa shauri la kila kikao likiacha kuwa shauri la kikao, hurudi kuwa la kila mama peke yake jikoni kwake.

Na mama huyo si mkulima peke yake. Yumo pia mfanyakazi wa mjini. Hapa twaomba wafanyakazi watusikilize kwa makini, maana jambo hili lawahusu moja kwa moja. Waganga wanashauri mtoto anyonye maziwa ya mama tu, pasipo hata maji, kwa miezi sita ya mwanzo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, na siku 100 kama amejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Miezi sita ni siku 180. Kati ya siku 84 na siku 180 pana siku 96 ambazo mtoto yuko nyumbani na maziwa yake yako kiwandani. Sheria hiyo hiyo imejaribu kulijaza pengo hilo: imemtaka mwajiri ampe mama anyonyeshaye nafasi ya kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Ni wafanyakazi wangapi wanaoijua haki hiyo? Ni matawi mangapi ya vyama vya wafanyakazi yaliyoidai kwa ajili ya mama mfagiaji, mama wa jikoni hotelini, mama wa kiwanda cha nguo?

Tulipokuwa katika ule ukumbi tuliwatazama akina mama waliokuwa wakikusanya visahani vyetu. Hatukujua hali ya mmoja wao, wala hatukuwa na haki ya kuwahoji kazini. Lakini swali lilitujia, nasi twaliweka hapa kwa waajiri wote: je, mwajiri atoaye fedha ukumbini kwa ajili ya watoto wasiojulikana, huwapa watumishi wake mwenyewe siku 84 na saa mbili? Kama huwapa, hisani yake ina mizizi. Kama hawapi, basi anawanyima watoto kwa mkono wa kushoto, kisha anawaonjesha kwa mkono wa kulia. Hisani ya mwajiri huanza katika mshahara na katika sheria. Ikibaki ziada, na ipelekwe ukumbini.

Liko pia jambo la shule. Tangu Januari 2016 watoto wetu wamesoma bila ada katika shule za serikali za msingi na za sekondari za kawaida, na tangu mwaka 2022 nafuu hiyo imefika hadi kidato cha sita. Ni ushindi mkubwa, na maelfu ya watoto wa wakulima wameingia darasani kwa sababu yake. Lakini chakula cha mchana cha shule kimebaki zaidi kuwa mchango wa wazazi. Mahali ambapo viongozi ni hodari na mavuno ni mazuri, sufuria hupikwa. Mahali pengine hapapikwi kitu. Mahali pengine tena hupikwa kwa baadhi tu: wale ambao wazazi wao wametoa debe la mahindi na fedha ya mpishi hupanga mstari, na wale ambao wazazi wao hawakutoa hubaki chini ya mwembe wakisikia harufu ya maharage.

Ndugu wananchi, jambo hilo ni baya kuliko njaa yenyewe. Shule ambayo tumeijenga ili kuwafanya watoto wawe sawa yawafundisha, kila siku saa saba mchana, kwamba hawako sawa. Mzazi mzembe astahili kuulizwa na serikali ya kijiji, na hata kuchukuliwa hatua. Mtoto hana kosa la kuadhibiwa tumboni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilianza kwa kukiri kwamba binadamu wote ni sawa. Tusiivunje imani hiyo kwa kijiko.

Baada ya kusema hayo, tuna maombi manne.

Kwa wenye hafla za kuonja, twasema endeleeni, lakini kwa adabu tatu. Watoto wasiletwe kuwaimbia wanaokula. Kama wanaalikwa, waketi na kula kwanza. Hesabu zitangazwe mapema: kilichoingia, kilichotumika, kilichofika na mahali kilipofika. Na fedha hiyo itumike kwa jambo linalodumu, kama vile jiko la shule, tangi la maji safi, mizani ya zahanati, au mafunzo ya wahudumu wa afya wa vijiji, badala ya magunia yanayopigwa picha na kwisha kwa wiki mbili.

Kwa halmashauri zetu, twakumbusha kwamba mkataba wa lishe ulitiwa sahihi na wakuu wa mikoa mwezi Desemba 2017, ukatiwa upya mwaka 2022 ili uendelee hadi 2030. Halmashauri zilikwisha kutakiwa zitenge shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Fedha hiyo ni kidogo mno, na hata hivyo zimekuwapo halmashauri zilizoiandika katika makadirio na kuitoa nusunusu. Diwani anayepitisha bajeti bila kuuliza fedha ya lishe imetoka kiasi gani hajawatumikia waliomchagua. Kuonja bajeti nako si kushiba!

Kwa vyama vya wafanyakazi, twaomba likizo ya uzazi na saa za kunyonyesha ziwe miongoni mwa madai ya kwanza katika kila mkataba wa hiari, na kila tawi libandike kifungu hicho cha sheria, kwa Kiswahili chepesi, mahali ambapo kila mfanyakazi atakiona. Haki isiyojulikana ni sawa na chakula kilichofungiwa kabatini.

Ombi la mwisho ni kwetu wenyewe, wanachama wa Chama. Ni rahisi kumcheka tajiri na kisahani chake. Lakini tajiri yule ametoa jioni moja. Je, sisi tulio wengi tumetoa nini? Kila shina lina wazazi. Kila kata ina shule. Shamba la shule, ambalo falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ililitia maanani tangu 1967, liko wapi sasa, na maharage yake huingia sufuria ya nani? Wazazi wenye mahindi watoe mahindi, wenye kuni watoe kuni, wasio na kitu watoe siku ya kazi, na kijiji kikubaliane mapema kwamba mtoto wa mjane na mtoto wa mgonjwa atakula pasipo kuitwa jina mbele ya wenzake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho lazima kiwe na mtu wa kukihesabu na kikao cha kukisimamia.

Hatupendekezi kwamba kijiji kibebe mzigo ambao ni wa Serikali. Kijiji kikianza, Serikali haina budi kukutana nacho njiani: kwa jiko bora, kwa maji, kwa mtaalamu wa lishe, na mwishowe kwa sheria itakayosema, kama ilivyosemwa kuhusu ada, kwamba mtoto wa Tanzania anaposoma, anakula. Siku hiyo hafla za kuonja zitabaki kuwa starehe njema ya wapishi na wageni wao, wala hakuna atakayehitaji kuzipa jina la watoto.

Hadi siku hiyo ifike, kazi ianze mahali padogo. Katika kikao kijacho cha kila tawi, ndugu mmoja asimame aulize: katika shule yetu, leo mchana, ni watoto wangapi ambao hawakula, na kwa nini? Mwenyekiti asilisukume swali hilo hadi katika mengineyo. Liandikwe kuwa shauri la kwanza, na katibu aweke jina la mtu atakayeleta jibu pamoja na tarehe ya kulileta.